Foleni ya Dirisha Namba Tatu

Mama yangu alikaa dirisha namba tatu kwenye ofisi ya vyeti vya kuzaliwa kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mteja aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Si kwamba hakuchokozwa. Watu wakishasubiri tangu asubuhi, halafu waambiwe fomu yao haina muhuri, adabu inawatoka. Walimwita mvivu, walimwita kobe, na mmoja alimrushia fomu usoni. Mama aliiokota, akainyoosha kwa kiganja, akasema kama kawaida yake: "Pole kwa kusubiri, ndugu yangu. Nikusaidie nini?" Ukutani nyuma yake vilining'inia vyeti vya mhudumu bora, vya miaka mitatu mfululizo.

Nyumbani sasa! Asali aliimwaga kazini, sisi tukaletewa nyuki. Akifika saa kumi na moja jioni alivua viatu bila hodi wala salamu, na wa kwanza kuumwa alikuwa baba.

"Hizi buti umeziacha mlangoni ili nijikwae?"

Baba ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma, mtu wa maneno machache. Aliinuka, akabeba buti zake, akaenda kukaa uani. Kila jioni ilikuwa hivyo hivyo. Nilikereka kwa niaba yake, na siku moja nilimwambia mama wazi kwamba wateja ndio wanaomkosea, lakini adhabu tunapewa sisi.

"Mwanangu, uvumilivu una kikomo," alinijibu. "Wangu unaisha saa kumi."

Wiki hiyo hiyo baba aliniita uani. "Nimeongea na baba yako mkubwa. Ana chumba kitupu. Mwisho wa mwezi nahamia kwake."

"Mama anajua?"

"Nitamwambia saa ngapi? Nikifungua mdomo tu, nimeshakosea."

Sikulala vizuri. Jumatatu baba alinyoa ndevu, akavaa shati lake jeupe, akaniomba nimsindikize. Nilidhani anafuata cheti, maana tulikwenda moja kwa moja ofisini kwa mama. Mlangoni mlinzi alimpa kibao cha namba sitini na moja. Nilimsihi apite tu mbele, ni mkewe yule.

"Hapana," alisema, akiketi kwenye benchi. "Wanaopanga foleni ndio wanaoongeleshwa vizuri."

Tulikaa kwa muda wa karibu saa tatu. Zamu yake ilipofika, mama alikuwa ameinamisha kichwa akiandika.

"Karibu, ndugu yangu. Pole kwa kusubiri. Nikusaidie nini?"

Baba alishika ukingo wa dirisha. Nilimtazama, nikaona machozi yamemlenga. Mama akainua kichwa, na kalamu ikamponyoka.

"Ni sauti hiyo tu," baba alisema. "Nilitaka niisikie kabla sijahama."

"Unahama? Unahamia wapi?"

"Kwa kaka."

Nyuma yetu mwanamume mmoja wa suti alianza kugonga kibao chake ukutani. "Nyie wazee, kapigeni soga kwenu! Na wewe mama, fanya kazi, hulipwi kwa kutongozwa!"

Mama alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Nyamaza wewe! Naongea na mume wangu!"

Hata mlinzi akasahau kugawa namba. Yule bwana aliandika malalamiko kurasa mbili, mkuu wa ofisi akamwita mama chumbani kwake, na cheti cha nne cha mhudumu bora hakikuja. Mimi nilifurahi, wala sioni haya kusema.

Jioni ile, saa kumi na moja, tulisikia hodi. Tulitazamana, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa akipiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Kwa mazoea baba alishainuka na kuzibeba buti zake. Mama alisimama kizingitini, viatu mkononi. Sauti yake haikuwa ile ya dirishani. Ilikuwa imekwaruza, kama ya mtu aliyelia njia nzima.

"Pole kwa kusubiri, mume wangu."

Baba aligeuka, buti zake mkononi. "Nikachukue namba?"

"Kaa hapo hapo. Wewe huna foleni."

Baba akaziweka buti chini, pale pale mlangoni.