Sista Paskalia, Aliyefundisha Kubisha Hodi Alfajiri

Alizaliwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 17 Aprili 1960, katika nyumba za wafanyakazi wa reli huko Kingolwira, mashariki ya mji wa Morogoro, na kwa sababu ya siku hiyo akabatizwa Paskalia. Baba yake, Yeremia, alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kutengeneza njia ya reli akabaki. Mama yake, Yustina, alikuwa Mnyamwezi pia, na aliuza vitumbua stesheni. Paskalia alikuwa mtoto wa haraka. Aliamka wa kwanza, alimaliza kazi wa kwanza, na hakupenda kumsubiri mtu. Waliomjua hawafichi kwamba sifa hiyo ilikuwa pia kasoro yake, nasi hatutaificha, kwa maana watakatifu hawaheshimiwi kwa uongo.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliomba kupokelewa utawani. Alisomea uuguzi, akaweka nadhiri, na mwaka 1991 akatumwa Lusangwe, kijiji cha juu katika milima ya Uluguru, kuendesha zahanati ndogo ya misheni. Wenyeji wa Lusangwe karibu wote ni Waislamu. Walimpokea kwa furaha, kwa sababu Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema lisilosemwa na mwingine.

Machi 1999 alikuja Chausiku, mkulima wa miaka thelathini na minne, mama wa mtoto mmoja. Alifika saa nane mchana, kwa kuwa asubuhi hakuweza kuteremka mlima. Alieleza kwamba vifundo vya vidole na viwiko vya mikono yote miwili vilivimba, na kwamba kila alfajiri mikono ilikataa kukunjika. Sista aliitazama. Saa hiyo mikono ilikuwa imekwisha kulegea, na kanga ilikuwa imefungwa vizuri kiunoni. "Mikono hii ni mizima," alisema. "Jembe halimngoji mtu, mama." Katika daftari la wagonjwa akaandika: Hana ugonjwa. Mvivu. Siku chache baadaye mjomba wa Chausiku, Mzee Mansuri, alimuuliza Sista, naye, kinyume cha kiapo cha kazi yake, akamwambia alichokiandika.

Neno hilo lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo wa upande wa mama, na asiyelima sehemu yake wazee waweza kuitwaa wakampa mwingine. Mzee Mansuri ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Kabla ya masika kwisha, shamba la Chausiku lilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Yeye na binti yake, Maimuna, waliishi kwa mikeka aliyoisuka jioni, vidole vilipokubali. Majirani walimcheka: "Asubuhi mgonjwa, jioni fundi!"

Kwaresima ya mwaka 2003 Sista Paskalia aliamka kwa sala ya asubuhi akashindwa kufunga vifungo vya vazi lake. Vidole vilikuwa vimevimba, vya moto, vigumu kama vijiti. Kufikia saa nne vililegea. Ikawa hivyo kila siku. Mtawa mwenzake alimtania, "Paskalia, nawe umeanza uvivu?" Wenzake walicheka. Daktari mjini Morogoro alimpima na kumweleza kwamba ni baridi yabisi ya viungo. Hailetwi na baridi ya mlimani, wala na kurogwa, wala na uzee. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kushambulia viungo vya mwenyewe. Isipotibiwa mapema huviharibu kabisa.

Aliporudi hakupitia utawani. Alikwenda moja kwa moja kwa Chausiku.

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Nilikuandika mvivu."

Chausiku aliitazama mikono ya mtawa. "Pole, Sista. Kumbe Mungu ametugawia sote." Kisha akasema, "Radhi nimekupa. Lakini radhi haioti mahindi. Shamba langu je?"

Sista alipanda hadi kwa Mzee Mansuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mnyamwezi. Umekuja kubeba mizigo?"

"Nimekuja kuwatwika ninyi. Kesho saa kumi na mbili asubuhi njooni na wazee wenzako kwa Chausiku."

"Saa hiyo hata jogoo wetu hajanawa uso!"

"Ndiyo maana Waluguru hamjui ugonjwa. Ninyi huamka baada ya uji."

Kinywani mwa mtu mwingine hilo lingekuwa tusi. Kwa mtani halijibiwi ila kwa kicheko, na kwa kwenda. Wazee wanne walikwenda. Walimkuta Chausiku akinyanyua kikombe kwa viganja viwili visivyokunjika. Mzee Mansuri alimpa mkono wa salamu, naye akalia kwa maumivu. Waliketi, wakangoja. Ilifika saa mbili na nusu ndipo vidole vilipoweza kuuzunguka mpini wa jembe. Hapo Sista alifungua daftari mbele yao, akaukata mstari wake wa zamani, na kwa mkono uliokuwa bado mgumu akaandika: Nilikosea. Ni mgonjwa. Akatia sahihi.

Mzee Mansuri aliinuka. "Wewe umelifuta lako kwa kalamu," alisema. "Letu tutalifuta kwa mpaka." Shamba lilirudishwa masika yaleyale, na wapwa wa mzee wakalilima mpaka Chausiku alipopata nguvu kwa dawa za hospitali ya mjini. Vidole vyake viwili vilikuwa vimekwisha kupinda kabisa. Sista alisema hadi kufa kwake kwamba hivyo viwili ni deni lake yeye.

Kuanzia mwaka 2004 alifundisha wahudumu wa afya wa vijiji, wengi wao wakulima waliosoma darasa la saba tu. Maimuna alijiunga nao alipokua. Sheria ya kwanza ilikuwa kubisha hodi alfajiri. Ya pili ilikuwa swali: "Vidole vinafunguka chai inapochemka, au mpaka maharage yaive?" Aliyejibu maharage alipelekwa hospitali bila kukawia. Vidonge vya ugonjwa huo vilivyonywewa mara moja tu kwa wiki, na ambavyo kuvinywa kila siku ni hatari, aliviwekea siku isiyosahaulika: Waislamu Ijumaa, Wakristo Jumapili.

Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 9 Agosti 2022. Alfajiri ya maziko, wanawake kumi na mmoja wenye ugonjwa huo walipanda mlima kwa miguu, na jua lilipochomoza kila mmoja alitia udongo kaburini kwa viganja vilivyokunjika. Wao huliita jambo hilo muujiza. Sisi hatutangulii hukumu ya Kanisa, tunaandika walivyotuambia.

Wahudumu aliowafundisha wangali wakitangulia jua katika vijiji kumi na vinne. Nasi tumwige. Tumfikie mgonjwa kwa saa yake, si kwa saa yetu. Na kama tumewahi kuandika au kusema neno lililomnyang'anya mtu haki yake, tusiridhike kuungama chumbani. Twende mbele ya walewale waliolisikia, tulifute kwa mkono uleule, kabla mkono haujakataa.