Divai ya Tororo Niliyoisingizia

Sikuwa na hamu ya kwenda Tororo. Niliitwa, na aliyeniita sikuwa na uso wa kumkatalia.

Athieno na mumewe Ochwo hutengeneza divai nyumbani kwao Tororo, upande wa Uganda. Zabibu wanazilima kwenye shamba la kukodi kule juu kwenye miteremko ya Mlima Elgon, penye baridi, ambako tunda hukomaa polepole na kubaki na ukali wake. Mwaka jana nilichukua kwao katoni nne za arusi ya dada yangu Nekesa, huku Busia upande wa Kenya, ninakofundisha shule ya msingi. Siku ya arusi divai ilikuwa imechacha. Mgeni wa heshima alikunja uso. Nikashika maikrofoni nikasema, "Mtuwie radhi. Watu wa Tororo wametupa siki." Ukumbi mzima wa kanisa ukacheka na, sitaficha, kicheko kile kilinipendeza.

Nisilowaambia ni kwamba Athieno alikuwa amenionya. "Mwalimu, hii divai ni ya baridi. Weka chini, kwa giza. Joto isiifikie." Mimi nikaiweka kwenye stoo ya mabati wiki tatu za kiangazi. Siku moja kabla ya arusi nilikuta vizibo vitatu vimejisukuma nje. Nikavigongelea ndani kwa nyundo, nikanyamaza. Athieno alipopiga simu kuuliza, nilimjibu kwamba kosa lilitoka kwao.

Wiki mbili zilizopita akapiga tena. "Uje uonje ya mwaka huu kabla hatujatia kwa chupa," alisema. "Wewe ndiye ulituambia ukweli."

Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilivuka mpaka kwa miguu. Afisa alitazama kitambulisho changu akauliza ninakwenda kufanya nini Uganda. "Kutembelea marafiki," nikasema. Aliliamini jibu hilo upesi kuliko mimi mwenyewe.

Upande wa pili nilimkuta Wandera, dereva wa lori tunayefahamiana tangu zamani, mtu wa kijiji cha Lunyo. Alikuwa anakwenda Tororo kupakia saruji, akanifungulia mlango. Tulipita mashamba ya mihogo na ya mtama, na wanawake waliokuwa wamekwisha kupanga nyanya kando ya barabara.

"Mwalimu, Tororo unakwenda kufanya nini?"

"Kuna watu wananingoja nionje divai yao."

Wandera akacheka. "Kwa Siki?"

"Kwa nani?"

"Ile nyumba nyuma ya mwamba. Sasa watu wanaita hivyo. Ukiuliza kwa Ochwo hakuna mtu atakuonyesha. Uliza kwa Siki."

Niligeuza uso dirishani. Neno lile lilikuwa langu, nami nilikuwa nimelisahau kabla ya vyombo vya arusi kuoshwa.

Kufika saa tatu, mwamba wa Tororo ulikuwa umeziba nusu ya anga mbele yetu. Wandera alinishusha, nikatembea hadi kwenye boma lao: nyumba mbili za matofali, na kando yake chumba kilichochimbwa nusu yake ardhini, paa la nyasi, kuta zimefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Athieno alitoka humo akifuta mikono. Alipiga magoti kunisalimu, kama ilivyo desturi ya kwao. Nilitamani ardhi inimeze. Ochwo alikuwa ameketi mbali, kwenye baraza, akimenya karanga. Alinisalimu kwa sauti ya chini, akarudi kwenye karanga zake.

Nje ya chumba kulikuwa na mapipa matupu ya plastiki, midomo juu, yakikinga mvua.

"Ya mwaka jana ilikuwa ndani ya haya," Athieno alisema. "Tulimwaga yote."

"Yote?"

"Yote, Mwalimu. Mtu kama wewe hawezi kusema uongo mbele ya watu. Nilijua ni Ochwo, hakuosha pipa vizuri. Tangu siku ile mimi nimemkataza kuingia kwa chumba hiki cha divai."

Ndani palikuwa na ubaridi wa kisimani. Alichota divai kwa kikombe cha bati akanipa, kisha akasimama akinitazama mdomoni. Ilikuwa nyekundu nyepesi, kali kidogo ulimini, safi, na ladha yake ilikawia. Sijapata kunywa kitu kizuri kama hicho.

"Ni nzuri," nikasema.

"Nzuri tu? Makosa iko wapi? Sema, tutarekebisha."

Nikasema tena kwamba ni nzuri, nikatoka nje.

Saa saba chakula kilikuwa tayari: ugali wa wimbi na kunde zilizoungwa kwa karanga. Ochwo alileta jagi na beseni kuninawisha. Maji yalipogusa vidole vyangu nikashindwa kuendelea kuficha.

"Divai yenu haikuwa na kosa," nikasema. "Niliiweka chini ya mabati wiki tatu. Ni mimi niliyeiharibu."

Maji yakakatika. Athieno aliweka sahani chini.

"Ulijua lini?"

"Siku moja kabla ya arusi. Niliona vizibo vimetoka."

Alimgeukia mumewe, akapiga magoti mbele yake. "Baba Opio, nilikuita mchafu mbele ya mama yako."

"Nilikuambia nimeosha," Ochwo akasema.

Aliliweka jagi mezani taratibu, akavuka ua, akainama mlangoni na kuingia katika kile chumba. Hakutoka hadi nilipoondoka.

Athieno alinisogezea ugali. "Kula, Mwalimu. Chakula haina kosa." Nilikula bila kuinua macho. Nilipomaliza akauliza, "Watu wangapi walikusikia siku ile?"

"Kanisa zima, karibu."

"Basi kawaambie hao. Hapa umeshasema."

Saa tisa nilipanda bodaboda kurudi mpakani. Jumapili kanisani, baada ya matangazo, niliomba maikrofoni ileile nikaeleza yote, pamoja na nyundo. Safari hii hakuna aliyecheka. Nekesa aliinamisha kichwa.

Nilikuwa nikidhani nimewaharibia watu wale jina tu. Kumbe sentensi yangu moja ilivuka mpaka, ikaingia nyumbani mwao, ikakaa kati ya mume na mke mwaka mzima. Sikuwa nimekosana nao kwa lolote. Nilitaka tu wageni wasinicheke mimi.

Jioni hiyo nilipiga simu kuwaarifu kwamba nimesema. Ochwo ndiye aliyepokea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," akasema. "Tunatia kwa chupa Alhamisi. Lakini wewe usije. Mwaka huu usije."