Kukoje Ndani ya Mgodi

Baba yangu hakuomba dhahabu. Alikuwa amelala kwenye kochi lake pale Kaloleni, Nairobi, kifua kikikoroma, akamwambia binti yangu, "Mama, ukifika mgodini usiniletee kitu. Ingia, uangalie vizuri, urudi uniambie kukoje ndani."

Humwita mama kwa sababu binti yangu amerithi jina la mama mzazi wa baba. Ana miaka tisa, na kwetu ni yeye peke yake anayejua kusimulia kitu mpaka ukakiona. Ndugu yake wa miaka mitano ukimuuliza shuleni kulikuwaje, atakwambia kulikuwa na wali.

Babu yangu alichimba katika ule mgodi wa Kakamega enzi za wazungu, kabla ya kuja Nairobi kufanya kazi ya reli. Hakuwahi kusema lolote juu ya kule chini. Baba amezeeka akiliwaza lile shimo, na sasa pumzi haimfikishi hata stendi. Kwa hivyo tukaenda sisi.

Asubuhi ile naikumbuka kama kitu nilichoota. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya mipera, na ng'ombe wa mtu alikuwa akilisha kando ya msingi wa simiti uliobeba mashine za mgodi zamani. Watoto wangu, waliozoea kelele za Jogoo Road, walinong'ona bila kuambiwa. Mlango wa mgodi ulikuwa ubavuni mwa kilima, nusu umefunikwa na majani, ukitoa baridi kama friji iliyoachwa wazi.

Mwanamume anayetembeza wageni pale alisikia babu yao alivyotutuma, akampa mwanangu wa kiume tochi. Mimi na dada yake akatuonyesha jiwe.

"Mama, wewe na msichana mtangoja hapa. Mwanamke haingii. Dhahabu hukimbia."

"Dhahabu gani?"

"Ya humu."

"Humu wanalala mbuzi," nikamwambia. Mavi yao yalikuwa pale pale mlangoni. "Na mbuzi jike mnamfanyaje?"

Akacheka kidogo. "Si mimi, mama. Ni desturi ya wachimbaji."

Mwanangu akapiga hatua chache, popo mmoja akapita, mtoto akarudi mbio na kujificha kwenye sketi yangu. "Nimeona," akasema. "Ni nyeusi."

"Basi huyo atamwambia babu yake," yule mwanamume akasema.

Binti yangu hakulia. Alikaa kwenye lile jiwe, mikono mapajani, kama mtu aliyezoea kungoja. Hapo ndipo damu iliponichemka. Mtoto wa miaka tisa ameshajifunza kukaa anapoonyeshwa, na ni nani aliyemfundisha kama si sisi sote. Nikaichukua ile tochi.

"Dhahabu yenu iliisha kabla hujazaliwa," nikamwambia. "Na walioingia humu walikuwa wanaume peke yao. Sasa niambie ni nani aliyeifukuza."

Akautazama mlango, akanitazama mimi, akavuta gambuti zake za mpira juu. "Chunga kichwa, mathe," akasema, akatangulia.

Nilimbeba mdogo mgongoni. Dada yake akanishika mkono.

Ndani, hasira yangu ilikosa pa kushika. Maji yalidondoka mahali mbali, yakanyamaza, yakadondoka tena. Kuta zilikuwa na alama za sululu, mistari mifupi mifupi, kama nywele zilizochanwa na mtu mwenye haraka. Nyuma yetu mlango ulipungua mpaka ukawa kifungo cha shati. Binti yangu akaomba tochi izimwe. Nikazima. Sikujua tena mkono upi ni wangu na upi ni wake. Kulinuka mvua ya zamani. Nilisikia watu wengi wakipumua, na sisi tulikuwa wanne tu, mmoja ameshalala mgongoni.

Tuliporudi Kaloleni, baba alisogea kwenye kochi akampa binti yangu nafasi. "Haya, mama. Kukoje?"

Akaanza na baridi, akaja kwenye maji, kisha mistari ya ukutani. Alipofika kwenye giza aliinuka, akafunga pazia, akamfunika babu yake macho kwa viganja viwili.

"Ni hivi," akasema.

Wakakaa hivyo. Nikamsikia baba akivuta pumzi ndefu kuliko zote nilizosikia mwezi ule.

"Na lile jiwe la mlangoni," akauliza chini ya viganja, "bado liko? Mama yangu alikuwa akikaa hapo na chakula cha baba, mpaka jioni."

"Liko, babu," binti yangu akasema. "Nilikaa kidogo tu."