Mkuza wa Kwembago

Zahoro alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Watu wa Kwembago, kijiji kilichobandikwa mlimani juu ya Mazinde, walijivunia mwandiko wake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe wa maziwa. Alimaliza darasa la nane, akaajiriwa ukarani wa tarafa mwaka uleule wa Uhuru, na tangu hapo barua zote za kijiji zikawa zake: za posa, za msiba, za kumkumbusha kijana aliyepotelea Tanga kwamba ana mama. Mtu wa namna hiyo huheshimiwa. Na anayeheshimiwa angali kijana hujisahau upesi, hilo nalo tuliseme.

Aliyemfikisha hapo ni dada yake, Mwamvita. Mama yao alikufa Zahoro akiwa hajaota meno yote, na Mwamvita, msichana wa miaka kumi na miwili, akambeba mgongoni. Baadaye alibeba mikungu ya ndizi kichwani hadi sokoni, wiki baada ya wiki, ili mdogo wake avae kaptura ya shule. Aliolewa, akafiwa na mume, akabaki na binti mmoja, shamba la migomba, na nyumba ya udongo iliyokwisha kuzeeka. Marehemu alikuwa ameanza kukusanya mawe ya msingi wa nyumba mpya. Mwamvita aliendelea kuyakusanya, jiwe moja kila atokapo kuokota kuni. Alitaka kitu kimoja tu duniani: nyumba ya mawe, pale pale kwenye migomba yake.

Mwaka 1969 wakaja wapimaji. Walisema umeme wa maporomoko ya Pangani utapandishwa mlimani, uvuke, ushuke bonde la Umba na kuingia Kenya. Nchi mbili, waya mmoja. Wakachimbia vijiwe vya zege, wenyewe wanaviita bikoni, na mstari wao ukakata jiko la Mwamvita katikati kama kisu kinavyokata muhogo.

Kwa kuwa waya ni wa nchi mbili, kanuni zake nazo zilikuwa na vichwa viwili. Kwanza, mstari upimwe. Pili, wenye ardhi waelezwe, na pingamizi zao ziandikwe. Tatu, faili liende Arusha, kwenye kamati ya pamoja ya mradi, ambako watu wa pande zote mbili wataketi meza moja na kuidhinisha. Na wakati wote huo, hatua thelathini kila upande wa mstari ni mkuza, njia ya waya: hakuna kujenga nyumba ya kudumu, hakuna kupanda miti. Zuio hilo limewekwa na pande mbili, basi huondolewa na pande mbili. Kwa kweli zilikuwa kanuni nzuri. Aliyeziandika hakuwa na ubaya wowote, ila Kwembago hakuwahi kufika.

Mkutano wa kusikiliza wananchi ulifanyika uwanja wa shule. Mhandisi aliitwa Severin, mtu wa bara huko, mpole, suruali imenyooka. Alieleza saa nzima kwa Kiswahili, na Zahoro akafasiri kwa Kishambaa kwa ajili ya wazee na akina mama. Kisha mhandisi akauliza: "Kuna mwenye pingamizi?"

Kimya.

Sasa, Kwembago walikuwa na desturi yao. Neno la mgeni halijibiwi siku linapoletwa. Anayejibu papo hapo huonekana hakusikiliza, alikuwa akingoja zamu yake tu ya kusema. Wazee hulipokea neno, huenda nalo nyumbani, hulala nalo, huwauliza wake zao, na siku ya tatu huleta jibu. Hata mtoto wa kuchunga mbuzi analijua hilo, na Zahoro alilijua kama alivyojua njia ya kisimani. Kwa hiyo mzee Hezekia, mkubwa wa wazee, alisimama, akamshukuru mgeni kwa kupanda mlima, akamkabidhi jogoo mwekundu, akaketi.

Severin alifurahi sana. Akamgeukia Zahoro na fomu mkononi. "Jaza, karani. Kamati inakaa Jumatatu. Faili lisipofika tutangoja mwaka mzima."

Fomu iliuliza: Je, wananchi wana pingamizi? Ndiyo. Hapana.

"Labda, bwana mhandisi," Zahoro alisema kwa sauti ndogo, "tungewapa siku tatu."

"Tatu za nini? Si umeona wamenipa jogoo?"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini Land Rover ilikwisha kuwashwa, yule bwana alikuwa msomi wa chuo kikuu, na Zahoro aliona haya. Aliwaonea haya watu wake na siku zao tatu, akaogopa kuonekana naye ni wa mlimani tu. Haya ya namna hiyo ni ugonjwa, na wengi wetu tuliosoma kidogo tumeuugua. Aliandika *Hapana*. Aliiandika vizuri sana.

Siku ya tatu wazee walifika ofisini na jibu lao, wamevaa kanzu na makoti. Wala hawakukataa umeme. "Upite," alisema mzee Hezekia, "ila upande juu kidogo, kwenye majabali, huko hakuna anayelima. Hatua mia mbili tu, mwanangu. Hapa chini ni migomba na nyumba za watu."

Zahoro aliwashukuru, na siku ileile akaandika barua ndefu kwenda Tanga. Jibu lilifika baada ya miezi saba: muda wa pingamizi ulipita, na katika muda huo hakuna pingamizi lililoandikwa, upande wa Tanzania umekwisha kuridhia, kuhamisha mstari sasa ni kazi ya kamati ya pamoja. Aliikunja barua akaitia kwenye kasha. Wazee aliwaambia shauri linashughulikiwa. Dada yake hakumwambia kitu.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini Zahoro alijaribu kuyazoa. Kila mwaka aliandika. Kila mwaka alijibiwa kwamba upande wa pili bado haujaidhinisha. Mwaka 1974 kijiji kikawa cha Ujamaa, Zahoro akawa katibu wake, na viwanja vipya vikagawiwa kando ya barabara. Mwamvita hakupewa. Yeye na jirani zake wawili ni watu wa mradi, mwenyekiti wa kijiji alisema, mradi utawahamisha. Tukiwapa kiwanja watakuwa wamepata mara mbili. Jirani wale walichoka, wakaenda zao. Mwamvita akabaki, kwenye nyumba ambayo kila masika iliangusha ukuta mmoja.

Kukandika udongo aliruhusiwa. Mawe, hapana. Alivumilia hadi mwaka uliofuata, kisha asubuhi moja akachukua jembe akachimba msingi. Mwenyekiti akamtuma katibu wake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia? Lile jiwe kubwa limenishinda."

Zahoro alisimama pale amekamata kofia. "Kanuni hairuhusu, dada. Wanasema ufukie."

Mwamvita alimtazama, akatazama mtaro wake. "Nawe unasemaje?"

"Nasema tungoje kidogo."

Akaufukia. Zahoro alimsaidia, wakarudisha udongo pamoja, na siku ile alitamani ardhi immeze na yeye.

Ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa. Wapiganapo tembo, nyasi huumia, watu walisema. Lakini Zahoro, Mungu amsamehe, alifurahi peke yake chumbani. Waya wa kwenda Kenya umekufa! Alipanda basi hadi Tanga.

Afisa aliyempokea alikuwa mtu mwema, alimwagizia chai.

"Mradi ule bado upo?" Zahoro aliuliza.

"Haupo."

"Basi zuio limeondoka."

"Zuio lipo. Liliwekwa na kamati ya pamoja, mimi siwezi kulifuta."

"Kamati iko wapi?"

"Kamati haipo tena, mzee."

"Sasa nani atalifuta?"

Afisa alikoroga chai yake. "Kwa mujibu wa kanuni, ni kamati," alisema, na ilionekana wazi kwamba hata yeye alisikia aibu.

Masika ya mwaka uliofuata ukuta wa upande wa kitanda ulianguka. Zahoro alimkuta dada yake jikoni, godoro limeegemezwa kwenye magunia, moto unafuka. Akamwambia yote: mkutano, fomu, barua ya kwenye kasha, Tanga. "Ni mimi niliyeandika, dada. Walikuwa hawajajibu. Nilijua hawajajibu."

Alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Mwamvita alisukuma kuni ndani ya mafiga.

"Nipe jina," alisema.

"Jina gani?"

"La mtu. Anayeweza kusema, Mwamvita, jenga. Akiwa Tanga, akiwa Arusha, hata akiwa huko Kenya. Nitakwenda kwa miguu, nitapiga magoti. Wewe ndiye unayewajua. Nipe jina la mtu mmoja."

Zahoro, aliyeweza kuandika majina ya tarafa nzima pamoja na ya baba zao, alitafuta. Alipita ofisi moja hadi nyingine kichwani, sahihi zote, mihuri yote.

"Hakuna mtu, dada."

"Kuna aliyesema nisijenge?"

"Hakuna."

"Basi amenikataza nani?"

Zahoro alilia, mtu mzima, mbele ya dada yake. Safari hii Mwamvita hakumbembeleza.

Wiki ile alihamia Kwamkoro kwa bintiye Secilia, mchuma chai, katika chumba kimoja cha kambi ya shamba. Aling'oa mlango wa nyumba yake, mbao za mvule alizochonga marehemu mumewe, akaupakia juu ya basi, maana mlango si kitu cha kuacha. Kule chumba kilikuwa na mlango wake tayari. Ule wa Mwamvita ukaegemezwa ukutani, nyuma ya kitanda, na pale ulikuwa bado siku Zahoro alipoitwa kwenda kumzika dada yake.