Evelina Alianza na Kaka Yake

Evelina Nikodemo alizaliwa katika nyumba ya Wambugu, kwenye kilima kinachotazamana na Kwai, akakulia mkiani mwa ng'ombe. Wambugu kwetu Usambara ni wachache. Sisi Washambaa tumewazidi sokoni, shuleni, hata kanisani. Watoto wao wengi walijifunza mapema kukiacha Kimbugu mlangoni na kutoka nje na Kishambaa. Evelina hakukiacha. Alizungumza na mama yake kwa sauti njia nzima ya kupeleka maziwa, na aliyetaka kucheka alicheka.

Alipogombea udiwani, mwanamume mmoja alimpigia kelele kwenye mkutano wa kampeni: "Mama, hebu tuhutubie kwa Kimbugu tusikie!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Evelina akamshukuru, akahutubia kwa Kimbugu bila haraka mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Bibi zake waliokaa pembeni wakaanza kumwitikia. Kisha akageukia Kiswahili.

"Nimewaambia wazee wangu kwamba chemchemi inakauka. Ninyi mliocheka, mnateka wapi?"

Akashinda.

Chemchemi ile ndiyo iliyonywesha vitongoji vyote vya chini. Bustani za kabichi na karoti zilikuwa zimesogea hadi ukingoni mwake, kila mwenye pampu akivuta anavyotaka, na kiangazi wanawake walikinga tope. Sheria inakataza kulima ndani ya mita sitini za chanzo cha maji. Jambo hilo lilijulikana, ila hakuna aliyetaka ugomvi. Na bustani iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa ya Tobia, kaka yake Evelina.

Alimwendea kabla ya kuitisha mkutano wowote.

"Shikamoo, kaka."

Tobia alikuwa akipalilia. Hakuitikia. Alikwishajua kilichomleta.

"Salimu analima pale. Anord analima pale," alisema. "Kwa nini uanze na mimi?"

"Nikianza na Salimu, nitakuwa nimemwonea. Nikianza na wewe, nani atanikatalia?"

"Kwa hiyo cheo kimekusahaulisha tumbo tulilotoka."

"Sijasahau, kaka. Ndiyo maana nakupa shamba langu la kule juu barabarani, ulime wewe. Na kabichi hizi uzivune kwanza, ndipo tuje kuiondoa bustani."

"Sitaki shamba lako."

Evelina akarudi nyumbani. Mumewe, Martin, alimkuta jikoni, khanga usoni, analia. Hilo Evelina mwenyewe alinisimulia, mimi jirani yake, bila kuona haya. Halafu akanawa uso, akaenda kukamua ng'ombe.

Kabichi zilipokwisha kuvunwa, ikapigwa mbiu ya msaragambo, kijiji kizima kitoke kikafanye kazi. Tulipanda hadi chemchemini na majembe na miche ya mikuyu, miti inayotunza maji, wengi wetu tukitaka tu kuona kama atathubutu. Tobia hakuonekana. Aliyekuja ni mkewe, Marta, jembe begani. Aliingia bustanini mwao, akang'oa uzio kwa mikono yake, akamwambia wifi yake mbele ya watu wote:

"Ninyi mnabishana udugu na udiwani. Anayeamka kuteka maji ni mimi."

Siku hiyohiyo Salimu akahamisha pampu yake. Anord akafuata. Mgambo hakuhitajika.

Tobia alinuna. Masika ikapita, vuli ikapita, hakukanyaga kwa dada yake, hata Krismasi. Lakini lile shamba la juu alikuwa akililima, tulimwona, tukanyamaza.

Mikuyu ikashika. Kiangazi kilichofuata maji yalipungua lakini hayakukatika, na baadaye Evelina akaibana halmashauri kule Lushoto, kikao baada ya kikao, mpaka tangi likajengwa na mabomba yakaanza kushushwa vitongojini. Uchaguzi ulipokuja tena, hakuna aliyeuliza kabila lake.

Evelina akiwa katika kipindi chake cha pili, Tobia alimjia nyumbani. Alikunywa chai, akazungumzia mvua, akasifia ndama. Mwisho akasema, "Bomba halijafika kitongojini kwetu. Wewe si dada yangu?"

"Mimi ni dada yako. Mkutano wa kijiji ni Jumanne. Njoo uombe kama wenzako."

Tobia alimtazama, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Jumanne alifika mapema, akakaa mbele, akaeleza shida yao vizuri kabisa, na ombi lake likapita.