Siku Chaneli Zote Ziliponyamaza

Habari hii nimewasimulia watu wawili tu, na mmoja wao alicheka. Cheka na wewe ukipenda. Mimi nilikuwapo, tena mchana kweupe, na nitakueleza kama yalivyonikuta bila kutia chumvi.

Kazi yangu ni kufunga intaneti ya antena. Siku nyingi niko Diani, kwenye mahoteli na nyumba za wageni, lakini mara moja moja ofisi hunituma huko ndani ya Msambweni, ambako simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu. Siku hiyo nilitumwa kwa Bi Mwanasha, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Kazi iliagizwa na mwanawe, Suleimani, aliyekuwa Uarabuni kwenye ujenzi. Alipiga simu ofisini kutoka huko huko, akasema ni mwaka wa tatu hajamwona mamake, anataka kumwona uso kwa uso kwenye simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe fundi wa Suleimani? Basi leo nitamwona."

Alikuwa amejifunga leso mpya. Akanipa simu yake niiunganishe kabisa na ruta, kile kisanduku cha kugawa intaneti ndani ya nyumba, kisha akaiweka mkekani akaingia jikoni kunipikia. Mimi nikasimamisha mlingoti, nikafunga antena, nikaielekeza kilimani uliko mnara wetu, halafu nikaketi kivulini na kompyuta yangu.

Hapa nikufahamishe kidogo. Antena ikiwashwa huutafuta mnara kwa kupita chaneli moja moja, kama mtu anayezungusha kitufe cha redio. Ukiiachia chaneli zote itazunguka muda mrefu, na huenda ikashika mnara wa watu wengine. Kwa hiyo tunaipa orodha fupi. Ya mnara ule ilikuwa chaneli tatu tu. Nikaziweka, nikaiamrisha itafute, na dakika haikwisha, ikashika. Ishara ya mnara ikawa na nguvu kabisa.

Hapo nikasikia mtu akikohoa nyuma yangu.

Alikuwa kijana wa umri wangu, kavaa ovaroli nzito ya rangi ya machungwa. Jua lilikuwa la utosi. Mimi nimelowa jasho, yeye hana hata tone. Vumbi jeupe kama saruji lilikuwa limemkaa kwenye nywele na kope. Nikadhani ni kibarua wa hapo karibu. Nikamtolea salamu, hakuitika.

"Fundi," akasema, "usiiunge nyumba hii leo."

"Kazi imeagizwa, ndugu yangu."

"Mimi ndiye niliyeagiza. Sasa nakuomba uiache. Mwambie mama hapa hapashiki."

Nikamwona ni jamaa mwenye kijicho. Sikumuuliza hata sababu. Niseme kweli, wiki ile nilikuwa nimeshashindwa kazi mbili, na mkubwa wangu alikuwa ameniambia nikishindwa ya tatu nisirudi ofisini. Nikamjibu, "Kama ni wewe, ingia ukamwambie mwenyewe."

Akautazama mlango wa jikoni. Wallahi, sijapata kuona uso wenye huzuni kama ule. "Siwezi kuingia," akasema. Kisha akaenda zake polepole mpaka katikati ya shamba la mihogo, kama hatua hamsini, akageuka, akasimama kunitazama.

Ishara ikakatika.

Nikaiamrisha antena itafute tena. Hakuna. Labda mnara umebadilishwa chaneli bila mimi kuambiwa, hutokea. Nikaifuta ile orodha fupi, nikafungua chaneli zote, ya kwanza hadi ya mwisho. Ikazipita zote. Zote zikasoma sifuri.

Pengine hujaona ubaya wake. Hewa haiwi kimya hata siku moja. Ukiukosa mnara wako utaukuta wa jirani, na ukiukosa wa jirani utakuta walau kelele, ule mchakacho usio na maana unaotoka kila mahali. Mtu aliyesimama shambani hawezi kuzuia hata mnara mmoja ulio juu kilimani, seuze minara ya pande zote. Na hapo ndipo nilipotambua kwamba hata kuku wamenyamaza, na upepo, na vyombo jikoni. Nilichosikia ni moyo wangu tu.

Nikainua macho. Hakuwa amesogea. Lakini niliiona saruji kwenye kope zake, ukope mmoja mmoja. Niambie, kope za mtu aliye hatua hamsini utazionaje?

Nikaanza kusoma Ayatul Kursiyyu ya kujikinga, nikakosea katikati, nikaanza upya. Midomo yake ikacheza, na sauti ikanifikia hapa, ndani ya sikio: "Basi. Nimekuomba." Nilipopepesa macho, mihogoni hapakuwa na mtu. Kwenye kompyuta chaneli zikarudi moja baada ya moja, na antena ikaushika mnara yenyewe.

Bi Mwanasha akatoka jikoni. "Ulikuwa ukisema na nani, mwanangu?"

Kwa woga nikajibu bila kufikiri. "Kijana mmoja, mama. Amesema ndiye aliyeagiza kazi."

Laiti ningejing'ata ulimi. Uso wake ulikunjuka kama wa msichana. "Suleimani? Amekuja kimya kimya ili anishtue." Akaingia mihogoni mbio, akiinua majani, akiita, "Toka, baba, nimeshakuona."

Simu mkekani ikaanza kulia. Ujumbe wa sauti ukamiminika mmoja juu ya mwingine, wa siku mbili nzima, kutoka namba ya ng'ambo. Akarudi akihema, akanitia simu mkononi kwa kuwa hajui kusoma. "Nisikilizishe. Ni yeye."

Ningefanyaje? Nikabonyeza. Ilikuwa sauti ya mwanamume mwingine. "Mama, mimi nalala chumba kimoja na Suleimani. Tunakutafuta tangu juzi hatukupati. Ukuta ulianguka kazini, mama..."

Yaliyofuata hayasimuliki. Nilibaki naye mpaka majirani walipojaa uani.

Kila Idi mimi huenda kumwamkia. Huniketisha akaniuliza lile lile: alikuwaje, alikuwa amekonda? Nami humwambia alikuwa mzima, amependeza. Habari ya vumbi sijamwambia, wala ya kwamba mwanawe aliniomba mara mbili nikakataa. Yeye hushukuru kwamba alipita nyumbani. Mimi hujiuliza kama alitaka kumpunguzia mamake siku moja tu ya msiba, nami nikamnyima.

Kazi bado naifanya. Kimya kile kimenirudia mara mbili tangu hapo, mara moja Kinondo na mara moja kwenye nyumba ya kupanga Diani. Chaneli zote sifuri, na ndege wakanyamaza. Mara zote mbili sikuinua macho. Nilifungasha vifaa vyangu, nikamwambia mwenye nyumba hapa hapashiki, nikatukanwa, nikaondoka. Nyumba hizo zilipata habari gani baadaye sijui, na sitaki kujua.

Nawe ukiwa fundi kama mimi, au umemwita fundi kwako, na siku moja ukaona chaneli hazina kitu, hata kelele hakuna, usibishane na mashine. Teremsha antena. Na kama kuna mtu amesimama karibu, umwulize kwa upole anataka nini, kabla hajakuomba mara ya pili.