Aliyeshindwa Anapewa Mwanamke

Siku mbili baada ya arobaini ya bibi yangu nilitumwa nazi. Nasema nilitumwa kwa mazoea tu, maana aliyekuwa akinituma hayupo tena. Dada alisema jikoni nazi zimekwisha, nikainuka. Njia ya dukani kwetu Ng'ambo inapita mbele ya nyumba moja ambayo sasa ni ya fundi wa kushona madera. Nilisimama pale nikitazama vitambaa vilivyotundikwa dirishani, mpaka fundi akaniuliza kama nina mzigo wa kuchukua. Nikamwambia sina. Sikusema kweli, rafiki yangu.

Miaka ishirini nyuma, chumba kile kilikuwa cha gemu. Kilikuwa na televisheni mbili juu ya meza ya skuli iliyovunjika mguu, na dirisha limezibwa kwa kanga kuukuu ili jua lisipige kwenye kioo. Tulitoka chuoni na juzuu zetu kwapani, tukaziweka juu ya kabati kwa adabu, kisha tukakaa chini kwenye jamvi. Joto, jasho, na harufu ya embe mbichi na pilipili. Embe tulikula kwa kujificha, kwa sababu mwenye chumba hakutaka mikono ya chumvi kwenye rimoti zake. Wasichana hawakuruhusiwa. Dada yangu alikuwa akija kuniita, akisimama mlangoni akitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kumwita mtu.

Gemu tuliyoipenda ilikuwa ya kupigana. Wapiganaji walikuwa wengi, na mmoja tu kati yao mwanamke. Nguo yake yote isingetosha kufunikia sahani. Wanaume wakipigwa walinguruma. Yeye akipigwa alilia, na sisi tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wengi.

Tulikuwa na sheria yetu, na sijui nani aliianzisha: aliyeshindwa anapewa mwanamke. Atacheza naye yeye huyo huyo mpaka ashinde. Na akiwa naye hana jina lake tena, anaitwa Bi harusi. "Bi harusi, kaa vizuri, wageni wanakuja." "Bi harusi, usilie, wanja utamwagika." Kwa kuchekwa huko, aliyeshindwa mara moja alishindwa tena. Tukasema, mnaona, mwanamke ni dhaifu. Haikutupitia akilini kwamba hakuna aliyewahi kumchagua akiwa na moyo mkunjufu.

Nyumbani bibi alikuwa na wakati wake wa kuita. Baada ya sala ya alasiri alitoa mbuzi ya kukunia nazi, akaivuta mpaka penye kivuli uani, na jina langu likasikika nyumba tatu. Niliitika, "Naam," nikaenda. Nilishika kifumbu, nikakamua tui, nikapata kunywa maji ya nazi au kulamba mwiko. Bibi alikuwa na msemo wake, njaa haina dume, na kwa msemo huo sisi sote tulitumwa sawa, mimi na dada.

Sasa siku moja nilirudi nimeshinda mara tano mfululizo. Bibi alikuwa na maumivu ya kifundo cha mkono, akaniita nimkunie nazi. Nilisimama mlangoni. Wala sikuwa na hasira, nilisema kama mtu anayeeleza sheria ambayo kila mtu anaijua.

"Bibi, mimi leo sikushindwa."

Hakufahamu. Dada ndiye aliyemweleza, kwa sauti ya kuchoka, kwamba huko kwao aliyeshindwa ndiye anayepewa mwanamke, kwa hiyo kazi ya wanawake ni ya walioshindwa. Bibi aliitazama ile nazi mkononi mwake.

"Ala," akasema taratibu. "Kwani mimi nilishindwa na nani?"

Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alikaa juu ya mbuzi akaikuna nazi yote kwa mkono wake mbovu, na mimi nikatoka kwenda kuhadithia zile mara tano.

Tangu siku ile hakuniita tena. Hakunigombeza, hakuninyima. Ukoko wa wali, ambao ulikuwa fungu langu, aliniwekea kama kawaida. Ila alasiri ikifika alimwita dada. Siku ya kwanza niliona nimepata uhuru. Siku ya pili nilikaa barazani badala ya kwenda kwenye gemu. Siku ya tatu nilijua kwamba nangojea jina langu, na kwamba huenda nisilisikie tena katika sauti ile. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi na sijapata kuogopa kitu namna ile.

Siku ya tano nilisikia mbuzi ikiburutwa uani. Nikasikia panga likipasua nazi, maji yakimiminika kwenye kikombe. Jina halikuja. Nikainuka.

"Naam," nikasema mlangoni.

"Sikukuita."

"Najua, bibi. Nshakuja."

Alinitazama kidogo, kisha akainuka akaniachia mbuzi. Niliikuna vibaya mno. Nilikwenda mpaka kwenye kifuu, na mchuzi wa pweza siku ile ukatoka rangi ya maji ya kuoshea miguu. Dada akasema leo tumepikiwa kifuu kwa pweza. Bibi alikula, akaongeza. Kesho yake, baada ya alasiri, nilisikia jina langu nyumba tatu.

Kwenye gemu niliingia na machicha kwenye shati. Wakanusa. "Bi harusi katoka jikoni." Nikakaa, na kabla sijashindwa na mtu nikamchagua yule mwanamke. Nilipigwa mara tatu. Mara ya nne niligundua kwamba teke lake lilifika mbali kuliko la wote.

Sitakudanganya kwamba sheria ilikufa siku ile. Haikufa. Mmoja tu aliniuliza, kwa sauti ya chini, teke lile linapigwaje. Na mimi mwenyewe sikupona mara moja. Miaka mingi baadaye, katika mwaka wa kwanza wa ndoa yangu, mke wangu aliniomba nimshikie sufuria, nikafungua mdomo kutoa neno la aina ile. Nikasikia swali la bibi, nikafunga mdomo, nikashika sufuria.

Chumba hakipo sasa, wala lile jamvi, wala dirisha la kanga. Gemu imehamia mfukoni, kila mtu anacheza peke yake, na hakuna dada wa kusimama mlangoni akasikia mnasema nini. Niliporudi na nazi zangu nilimkuta binti yangu barazani na simu ya mama yake, akicheza gemu, na humo pia mwanamke alikuwa mmoja tu. Nikamuuliza mbona hamchagui yule mwanamke. Hakuinua hata uso.

"Huyo si wa kucheza, baba. Huyo wa kuokolewa."

Nikamchukua mpaka uani. Mbuzi ya bibi ingali pale, ubao wake umelainika kwa makalio yake ya miaka yote. Dada alitaka kukaa yeye, nikamwambia niachie. Nikapasua nazi, binti yangu akashika kifumbu, nikamhadithia haya niliyokuhadithia wewe. Kisha akauliza, "Kwani bibi alijibiwa na nani? Nani alimshinda?" Nikamwambia mimi sikumjibu, nilicheka.

Nazi ilikuwa nzuri, yenye tui zito. Jua lilikuwa limefika pale pale linapofika kila siku baada ya alasiri. Katikati ya kukuna nilihisi kama nimeitwa.

"Naam," nikasema. Dada akageuza uso kwenye moto, wala hakuniuliza namwitika nani.